Wageni wa Angani Hawakupigwa Risasi

Mwalimu Costancia hakuwa mtu wa mabanda ya video. Alikuwa mjane, Mkaguru wa Berega, mwanakwaya wa Kianglikana aliyefundisha shule ya msingi Kilosa mpaka vumbi la chaki likamwachia kikohozi. Lakini Jumamosi ile alilipa kiingilio kwenye banda la Mabwerebwere akaketi benchi la mbele, kwa sababu spika ya barabarani ilitangaza filamu yenye jina la kitabu chake.

Chake kwa kukipenda tu, maana kilitungwa Ulaya na yeye aliokota nakala iliyotafunwa na mchwa huko misheni. Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, aliwasimulia wanafunzi kwa Kiswahili. Wageni wa nyota iliyokauka wanatua kwenye bonde la wakulima na kuomba maji. Wakulima wanashika mapanga. Baada ya vitisho vingi wanakaa chini wote na kugawana mto kwa zamu. Hafi mtu. Wala kusimulia hakukumtosha. Alimkalisha Cleopa, mtoto wa mkulima wa Mvumi, dawati moja na Parsimei, mtoto wa wafugaji, wakati baba zao hawasalimiani kwa kugombea kisima. Siku wageni walipopewa maji, Cleopa alilia darasani, na Parsimei akammegea muhogo wake. Hiyo ndiyo kazi aliyojivunia maishani.

Sasa Cleopa alikuwa mtafsiri wa filamu za banda, kashika maikrofoni, kavaa miwani ya jua gizani. Parsimei naye, mtu mzima mwenye ng'ombe wake, aliingia na fimbo yake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa. Ndio kile kitabu chetu."

Kumbe sicho! Alitokea steringi, shujaa ambaye kitabuni hayumo kabisa, kifua wazi, bunduki mkononi. Binti wa mchimba visima, ambaye kitabuni alijifunza lugha ya wageni, hapa kazi yake ilikuwa kupiga mayowe na kubebwa. Wageni nao walibandikwa meno marefu. Meno ya nini kwa watu wenye kiu? Costancia alichemka. Wajinga wale waliotengeneza filamu walikisoma kweli, au walitazama jalada tu?

Hata hivyo Wazungu wale hawakuwahi kukaa darasani kwake. Cleopa je? Wageni walipofika mtoni, alivuta maikrofoni: "Cheki wafugaji wa angani! Washaingiza mifugo shambani! Steringi, fyeka hao!"

Banda zima lilicheka. "Fyeka! Fyeka!"

Parsimei aliinuka, akachukua fimbo yake, akatoka.

"Cleopa!" Mwalimu alisimama. "Lete hicho chombo."

"Mwalimu, shikamoo... watu wamekuja kuona risasi."

"Lete, mwongo mkubwa we! Mwisho wake unaujua. Uliulilia!"

Cleopa alitoa maikrofoni kwa mikono miwili, kama zamani alipokamatwa na manati. Juu ya milio ya bunduki mwalimu alisimulia mwisho wa kweli: hawakupigwa, walikaa chini, mto ukagawanywa. Watu walizomea. Mmoja alimwambia bibi asizibe kioo. Hakusogea mpaka alipomaliza, kisha akamrudishia Cleopa maikrofoni, akatoka.

Parsimei alikuwa amesimama chini ya ile spika ya barabarani.

"Nimekusikia, mwalimu. Umesimulia vilevile."

"Basi turudi ndani, ukakae na mwenzako."

Parsimei alitikisa kichwa. "Wewe ulikuwa unasema, mwalimu. Wao walikuwa wanaangalia risasi."

Ndani, steringi alimmaliza mgeni wa mwisho, na banda likapiga makofi.