Darubini ya Kumi na Mbili

Kila darubini huandikwa namba mbili karibu na mahali pa kuwekea jicho, na kati yake alama ya kuzidisha. Namba ya kwanza husema kioo kinavuta mara ngapi. Ya pili husema upana wa kioo cha mbele, kwa milimita. Mimi nilizijua namba hizo wakati watu wengi wa Changamwe hawajawahi hata kuishika darubini, kwa kuwa nilisoma mpaka sekondari ya misheni, na Kiingereza cha vitabu vya bidhaa kutoka Ulaya hakikunishinda. Nilizijua zote mbili. Kosa langu ni kwamba niliitazama moja tu.

Ilikuwa miaka ya arobaini, vita vimekwisha, na wageni walikuwa wameanza tena kushuka bandarini Kilindini na bunduki zao ndani ya mifuko ya ngozi. Mzungu mmoja aliyewapeleka nyikani kuwinda ndovu na nyati alikuwa na bohari karibu na stesheni ya Changamwe. Humo mlikuwa na mahema, vitanda vya kukunja, taa za karabai na masanduku ya risasi yenye kufuli. Nilikuwa karani wake, na chumba changu kilikuwa nyuma ya bohari hiyohiyo. Jioni wafanyakazi wa bandarini walipita wakirudi Magongo, makundi makundi, wakicheka kwa lugha zao. Walinisalimu, nikawajibu kwa mkato. Nilidhani elimu yangu inanitaka nikae peke yangu, na peke yangu nikakaa.

Mtu mmoja tu ndiye aliyebisha mlango wangu: mjomba, kaka yake mama. Ndiye aliyekuwa mfuata nyayo wa yule bwana, na ndiye aliyeniombea kazi ya ukarani. Nilipokuwa mdogo alinipakia nyuma ya baiskeli yake akanipeleka shule ya misheni, safari ya siku nzima, na njiani kila tulipopumzika alinionyesha nyayo mchangani na kuniuliza, "Huyu ameelekea wapi?" Sikuwahi kujibu sawa hata mara moja. Alicheka tu, akasema, "Wewe nenda ukasome yako."

Siku moja alikuja akaketi kwenye sanduku, akafunika jicho la kulia kwa kiganja.

"Mpwa wangu, nikifanya hivi, wewe huna pua."

"Una maana gani, mjomba?"

"Jicho hili la kushoto. Limeingia ukungu. Kukishakucha vizuri naona, lakini alfajiri chini ya miti, ndovu na kichaka ni kitu kimoja."

Niliogopa. Kazi yake yote ilikuwa alfajiri chini ya miti. Ndipo wanyama hurudi kutoka majini, na ndipo mfuata nyayo humwonyesha mgeni dume mwenye pembe za kustahili, kabla jua halijawa kali na kundi halijaingia msituni.

"Bwana anajua?"

"Akijua, kesho niko nyumbani nachunga mbuzi. Sikiliza. Amesema safari hii atanunua darubini mpya, ya mimi kutumia. Nzuri, si zile kuukuu za jeshi. Atakutuma wewe. Nichagulie itakayonifaa, basi, nitaendelea miaka miwili mitatu. Na habari ya jicho ibaki humu."

Nikaapa kwa jina la Mungu kwamba itabaki humo.

Kweli bwana alinituma. Alisema, "Wewe unasoma, mimi sina nafasi. Chukua bora iliyopo." Nikavuka tuta la Makupa kwa miguu mpaka duka la Mhindi mmoja kisiwani, aliyeuza saa, kamera na vitu vya vioo. Akaniwekea mbili juu ya kitambaa cheusi. Zote zilitoka Ulaya, na vioo vyake vilikuwa na rangi ya zambarau ukivigeuza kwenye mwanga, kama shingo ya njiwa. Ya kwanza iliandikwa saba mara hamsini. Ilikuwa pana, nzito, ina umbo nene. Ya pili ilikuwa kumi na mbili mara arobaini, nyembamba, imevishwa ngozi nyororo, na ndani ya kasha lake mlikuwa na mahameli nyekundu.

"Hii ya saba huchukuliwa na watu wa meli," Mhindi alisema. "Bwana wako mteja wangu. Nenda nazo zote, jaribuni siku mbili, mnirudishie moja."

Mtu aliyezoea kupewa alama shuleni hana shida ya kuchagua kati ya saba na kumi na mbili. Nilikuwa nimekwisha kuamua kabla sijafika Makupa.

Kesho yake saa sita mchana tulisimama na mjomba juu ya kilima cha Kipevu, meli zote za bandari zimetandazwa mbele yetu. Nilimpa ya kumi na mbili nikamwambia atazame meli ya mbali.

"Unaona jina lake? Mimi nalisoma, herufi kwa herufi. Kwa ile nyingine nakisia tu."

"Mwanangu, mimi sijui kusoma."

"Lakini unaziona herufi?"

"Naona vitu vyeusi juu ya kitu cheupe, kwenye jua. Hata bibi yako angeviona." Akairudisha. "Na inatetemeka hii. Twende zetu. Tutatazama jua likizama."

Jioni akaniteremsha mpaka kwenye hori, mkono mdogo wa bahari penye mikoko. Alilala kifudifudi kwenye majani, mzee yule, akaweka viwiko vyake chini na kuelekeza darubini ya saba ndani kabisa ya mikoko, mahali ambapo mimi niliona giza tupu. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Mbu walitula.

"Kuna tumbili," akasema. "Watatu. Mmoja anajikuna sikio."

Akachukua ya kumi na mbili, akatazama palepale, akashusha pumzi. "Wameondoka."

"Labda wameondoka kweli."

Akarudia ya saba. "Hawa hapa." Akanigeukia akitabasamu kama mtu aliyepona. "Nataka hii. Tazama na wewe."

Sikutazama. Hapa ndipo ninapojilaumu kuliko pote, maana ilinitaka nilale chini tu na kuweka jicho. Lakini nilikuwa nimevaa suruali nyeupe iliyopigwa pasi, na matope yalikuwa matope. Nikasema, "Mjomba, hii ni ya mabaharia. Halafu ni nzito, itakuumiza shingo."

"Shingo hii imebeba pembe za ndovu kutoka mtoni mpaka barabarani. Itashindwa na vioo?"

"Bwana amesema nichague bora. Kitabu kinasema ya kumi na mbili inavuta karibu mara mbili ya hii. Nitamwambia nini? Kwamba tumechagua kwa tumbili?"

Alicheka kidogo. Alijipangusa magoti. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma," akasema, na wakati ule nilisikia sifa.

Nikairudisha ya saba dukani.

Safari ya kuwinda ilipangwa iwe ya wiki mbili. Walirudi siku ya tisa. Lori lilisimama mbele ya bohari saa za mchana, mgeni akashuka akaingia ndani bila kumsalimu mtu, na bwana akabaki barazani uso umemwiva. Mjomba alishuka mwisho, nyuma, pamoja na mizigo. Darubini ilikuwa shingoni mwake.

Habari niliipata hapohapo, kwa maneno machache. Alfajiri, kwenye kisima cha nyika, ndovu saba chini ya migunga. Mjomba alitazama sana, akakawia, mgeni akamharakisha. Akaonyesha mmoja. Mgeni akapiga. Walipofika walikuta jike, pembe fupi kama mkono wa mtoto, na ndama amesimama pembeni hataki kuondoka. Kulikuwa na maelezo ya kutoa kwa serikali, iliyokataza kuua jike mwenye ndama, na leseni ya bwana ilikuwa hatarini.

Bwana aliichukua ile darubini shingoni mwa mjomba. Akaielekeza bandarini, jua likiwa juu ya utosi, akatazama meli moja, akatazama nyingine. Akaishusha.

"Darubini hii haina kasoro," akasema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Naona mpaka misumari. Karani, wewe uliichagua. Ina kasoro?"

"Hapana, bwana."

"Basi kasoro iko wapi?"

Mjomba alikuwa amesimama ngazi ya chini, kofia mkononi. Alinitazama mimi, si bwana. Nilikumbuka mikoko. Nilikumbuka wale tumbili waliotoweka na kurudi. Nilijua kuna neno moja la kweli ambalo ningeweza kulisema, kwamba mzee huyu alichagua nyingine na mimi nikamkatalia. Nilisema lingine.

"Ni macho yake, bwana. La kushoto lina ukungu. Mwenyewe aliniambia."

Mjomba akavaa kofia.

"Haya," akasema.

Alikwenda kuchukua blanketi lake na sufuria yake kwenye lori. Nilimfuata mpaka kwenye njia ya Magongo nikimwita, "Mjomba, mjomba, nisikilize." Alisimama. Sikuwa na la kusikilizwa. Akaniuliza kama nimekula, nikasema bado, akasema, "Kale," akaenda zake.

Jioni hiyo niliitwaa darubini kutoka bohari nikaenda peke yangu mpaka kwenye hori. Nililala kifudifudi, kwa suruali ileile. Niliona weusi wa chungu, unaotetemeka. Ndipo nikazitazama tena namba mbili, nikagawanya ya pili kwa ya kwanza, hesabu ya mtoto wa shule ya msingi. Arobaini kwa kumi na mbili: tundu la mwanga lenye milimita tatu na kidogo. Hamsini kwa saba: milimita saba, zaidi ya mara mbili ya upana ule. Mchana kwenye jua kali hutaona tofauti. Alfajiri chini ya migunga, jicho lenye ukungu linaomba kila tone la mwanga, nami nilikuwa nimemchagulia tundu la sindano.

Ningeweza kumwambia bwana asubuhi. Nilikwenda mpaka mlangoni pake. Akaniuliza nataka nini, nikamwuliza kuhusu mahema. Wiki iliyofuata aliajiri mtu mwingine.

Mjomba alihamia Kisauni kwa binti yake, aliyekuwa akilima muhogo na kuuza nazi. Kutoka Changamwe si mbali. Unavuka Makupa, unapita kisiwani, unavuka daraja la Nyali linaloelea, na kabla ya adhuhuri umefika. Sikwenda mwaka ule. Sikwenda mwaka uliofuata. Hakuna tena aliyebisha mlango wangu, na jioni wale watu wa bandarini walipopita walikuwa wameacha kunisalimu. Nilijifunza kupika kwa sufuria ndogo kabisa.

Bwana alipofunga biashara na kurudi kwao, alituachia tuchague kitu kimoja kila mtu. Mimi nilichukua ile ya kumi na mbili, nikaenda nayo kwa yule Mhindi, nikambadilishia na nikaongeza nilichokuwa nacho. Alikuwa na nyingine ya saba. Jumapili nikaenda Kisauni.

Binti wa mjomba alinikuta uani. Alinitazama kuanzia viatu.

"Leo umepotea njia?"

"Mzee yupo?"

"Ataenda wapi?"

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba, ameelekea shambani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanyoosha mkono upande ambao sikuwapo. Hapo nikajua kwamba macho yote mawili yamekwisha.

Nikaivika darubini shingoni mwake. Aliishika, akapapasa vioo vya mbele kwa vidole gumba, akapima upana wake.

"Hii ya saba," akasema. "Nzito."

"Mjomba, haikuwa macho yako. Ilikuwa darubini. Nilichagua vibaya, nikajua, nikasema uongo."

"Nilijua siku ileile."

"Mbona hukusema pale barazani?"

"Ningesema mimi, ungefukuzwa wewe. Nilingoja useme wewe."

Binti yake, aliyekuwa akikuna nazi mlangoni, aliacha kukuna. Mjomba aliivua darubini polepole, kichwa kikikwama kwenye ukanda, akanipa.

"Shingo imechoka sasa. Nitazamie wewe. Jua limeshuka?"

"Linazama, mjomba."

"Mwisho wa shamba kuna mkorosho. Chini yake kuna nini?"

Kwa macho matupu palikuwa na kivuli tu. Nikalala kifudifudi pale uani, nikaweka viwiko chini kama alivyofanya yeye.

"Mbuzi wawili," nikasema. "Mmoja amelala. Mwingine anachezesha sikio."

"Sikio gani?"

Nikatazama sana. "La kushoto."

"Endelea."

Nikaendelea. Nikamtajia majani yaliyoanguka, kamba ya mbuzi, kuku aliyepita, jiwe lenye mgongo mweupe. Binti yake hakurudi kwenye nazi zake. Kila niliponyamaza mzee alisema, "Endelea," nami nikaendelea mpaka hata darubini ile ikashindwa na giza.