Spana Namba Kumi

Katika karakana yetu ya ndege hapa Kitale, kila kifaa kina kivuli chake, kimechorwa ubaoni kwa rangi nyekundu. Kazi ikiisha na kivuli kimoja kiko wazi, ndege hairuki, hata abiria awe nani. Spana iliyosahauliwa ndani ya injini huua watu.

Jumatatu hiyo, abiria mmoja alikuwa mama yangu, kutoka Tongaren. Jicho lake moja lilikuwa limekufa, la pili lilikuwa linaenda, na daktari wa Nairobi alikuwa anamngoja saa sita amfanyie upasuaji. Akikosa, ni kungoja miezi mingine, na hilo jicho halikuwa na miezi.

Nilipofunga injini nikageukia ubao. Kivuli cha spana namba kumi kilikuwa wazi. Mungu wangu! Asubuhi nilikuwa nimetia sahihi kwamba vifaa vyote vipo, bila kuangalia. Mazoea, bana. Ujinga wangu mwenyewe.

"Imebaki ndani," nikamwambia mkubwa wangu. "Tufungue."

Tukafungua. Abiria mwingine akaja kufoka, ati tunawachezea. Nilimjibu vibaya, na sijutii mpaka leo. Nilikuwa nimelala chali chini ya injini, nalia waziwazi, nikijua ni mimi ninayempofusha mama.

Kisha nikasikia sauti ya mama. Alikuwa amekuja akipapasa ukuta. Akaniwekea kitambaa mkononi, na ndani yake, spana.

"Si uliiacha kwangu Jumamosi, ukinitengenezea ile bomba ya kupulizia mahindi dawa?" akanong'ona. "Nimeogopa kukupa mbele ya wakubwa, wasiseme mtoto wangu ni mwizi. Sema umeipata huko ndani."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Na haki ya Mungu, nilitamani kusema hivyo. Lakini ningedanganya kuhusu spana, nani angeamini sahihi yangu tena? Nikamweleza mkubwa yote.

Akaichukua spana mkononi mwangu. "Mwenzako atafunga na kukagua. Wewe enda nyumbani mpaka nikuite."

Ndege iliondoka saa tatu na nusu. Angewahi. Nilisimama kando ya uzio na begi langu begani, nikamwona mama dirishani, anatabasamu, ananipungia mkono, upande ambao sikuwapo.

Nikakimbia nikasimama huko.