Benki imezikataa sarafu zangu za sambusa

Jamani, leo benki imekataa pesa. Benki!

Nimepeleka sarafu zangu za kuuza sambusa kulipa kodi ya kibanda pale Gikondo. Leo ndiyo mwisho, kesho mwenye nyumba anakifunga.

Kijana wa dirishani akakunja uso: "Mukecuru, bibi yangu, sarafu zinachosha kuhesabu. Rudi wiki ijayo."

Mimi sikukanyaga darasa. Yeye kasoma miaka yote ile ili pesa zimchoshe!

Nikaigeukia foleni: "Wenye maduka, nani anatafuta chenji?"

Weee! Wamezigombania zote, nikabaki na noti mkononi.

Nimerudi dirishani, yule kijana ananong'ona: "Mama, hukubakiza hata kidogo? Hapa chenji imetuishia."

"Piga muhuri, mwanangu. Chenji katafute sokoni."

Kodi imelipwa. Nyinyi mngembakizia?