Mlinzi wa Mbwa Mwitu Wasiong'ata

Miaka kumi na tisa Isidore alilinda dampo la kijiji chao, kaskazini ya Kanada kando ya Mto Mackenzie, mbwa mwitu wasije wakala watu. Na kweli, hakuna aliyeliwa. Hata kukwaruzwa, hakuna. Angekuwa daktari wangempa nishani. Kwa vile ni mlinzi, wakataka kumfuta kazi.

"Binamu, tuambie ukweli," Rosalie, mwenyekiti wa baraza, akamwuliza kikaoni, mdomo umejaa samaki mkavu. "Tangu uanze, mbwa mwitu kamng'ata nani?"

"Hakuna! Si ndiyo kazi yenyewe?"

"Na kabla hujaanza?"

Isidore akakuna kichwa. "Hakuna pia. Labda walisikia naja."

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Rosalie akatangaza: afisa wa wanyamapori anakuja Alhamisi kuhesabu mashambulizi. Likipatikana hata moja, kazi inabaki. Lisipopatikana, dampo litajilinda lenyewe.

Jumatano mchana Isidore akang'atwa paja. Ila aliyemng'ata ni Duke, mbwa wa dada yake Clémence, wa kuvuta sleji kwenye theluji, kisa kapita karibu na sahani yake. Damu tele. Mwingine angelia, yeye alienda zahanati akipiga mluzi.

Kesho yake afisa, kijana anaitwa Trevor, akafungua fomu. "Mzee, nani kakung'ata?"

"Mbwa mwitu. Mkubwa kama friji. Pale dampo."

Trevor alifurahi kama kapata mtoto. "Miaka sita natembea na hii fomu, sijawahi kuandika hata mmoja!" Akachukua bunduki. "Twende unioneshe. Tunampiga, kichwa kinaenda maabara kupimwa kichaa cha mbwa."

Hapo mluzi ukamkauka Isidore. Kwao mnyama hasingiziwi, maana anasikia. Mzulie mbwa mwitu uongo, na wanyama wote wa porini wataukimbia ukoo wako, msiwinde kitu. Baba yake alimkataza hata kumcheka mmoja aliyeteleza kwenye barafu. Sasa yeye kamzulia kesi ya kuuawa.

Dampo walikuta kundi lile lile la siku zote, watano, wamejilaza nyuma ya matairi. Wakamtazama Isidore kama jirani waliyemzoea. Trevor akainua bunduki.

"Yupi?"

Isidore akaushika mtutu. "Shusha, mwanangu. Ni Duke."

"Duke ndiye yupi?"

"Hayupo hapa. Ni mbwa wa dada yangu." Akavua kofia, akawageukia wale watano. "Wazee, mnisamehe. Njaa ya kazi."

Jioni Trevor akasoma matokeo barazani: mbwa mwitu, sifuri. Fomu ilikuwa na nafasi ya mbwa wa nyumbani pia, basi akauliza nani kang'atwa mwaka huu. Ikainuka mikono kumi na moja, wa kwanza wa Rosalie.

Kazi ya dampo ikafa palepale. Ikazaliwa nyingine, ya kukamata mbwa wanaozurura, na aliyepewa ni Isidore.

Asubuhi Isidore akachechemea na mnyororo mpaka kwa dada yake. Clémence alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Miaka yote hiyo unalinda watu dhidi ya wasiong'ata. Leo umekuja kwa anayeng'ata, na mguu mmoja?"

"Dada," Isidore akasema kwa upole, "mshike wewe kwanza."