Fungu la Barqi

Harufu ya maini yakikaangwa kwa thomu hunipandisha hasira mpaka leo. Hunirudisha nyumbani kwetu Hail, katika nchi ya Waarabu, nikiwa mtoto, siku Ami Khalfan, mdogo wake baba, alipokuja na mbwa wa kuwindia kutoka kwa jamaa zetu wa milimani. Barqi alikuwa mwembamba, miguu mirefu, masikio yenye nywele laini. Bibi, mzaliwa wa Unguja, hakumtaka karibu na msala wake, lakini kila mchana alimpelekea maji kivulini.

Aliyemlea Barqi alimuusia Ami: akikuletea windo, chinja, kisha mpe moyo na maini papo hapo, juu ya ngozi.

Ijumaa tukaenda wadini, kwenye bonde kavu la mto. Barqi akamleta sungura mzima, hakumrarua hata kidogo. Ami akachinja. Mbwa akakaa, macho kwenye mkono wa Ami. Ami akatia kila kitu kwenye mfuko, maini na yote, kwa kuwa yeye na maini tena! Barqi akaambulia mifupa. Ijumaa ya pili hivyo hivyo.

"Khalfan, nnakwambia, mpe chake," Bibi alimwonya. Ami akacheka.

Mara ya tatu Barqi hakuleta kitu. Tulimkuta nyuma ya mgunga, sungura kashamla nusu. Nanyi mnajua, mbwa akila windo amejiwindia mwenyewe, nyama si halali tena kwetu. Ami akamwita mwizi, akawasha gari, akamwacha pale pale. Nililia mpaka Hail.

Ukubwani, nikifanya kazi ya tafsiri, nilikutana na neno la Kiingereza quarry, yaani mnyama anayewindwa. Asili yake Kifaransa cha kale: fungu la moyo na matumbo waliloandaliwa mbwa juu ya ngozi ya mnyama. Nilifunga kamusi kwa kishindo. Watu wa mbali kabisa, nao walijua mbwa ana haki yake.

Utotoni nilidhani ninalia kwa huruma. Kumbe nilikuwa nimeona dhulma.

Ijumaa iliyopita Ami, mzee sasa, aliwasimulia wanangu habari za mbwa mwizi huku akijipakulia maini. Nikaivuta sahani.

"Ami, waambie na nani alianza kuiba."

Akaufuta mkono wake polepole. Wanangu wakamtazama, wakingoja jibu.