Nilisema injini za kisasa haziaminiki, na fundi asiye na kosa akabeba aibu yangu

Admin, ficha jina langu na la mtaa wangu. Nina miaka themanini na moja, niko Bujumbura, moyo wangu umechoka na daktari amemwambia binti yangu anirudishe nyumbani. Sote tulielewa maana yake. Ujumbe huu nauandika kwa kidole kimoja, leo siku ya tatu, kwa hiyo mnivumilie.

Nilifundisha ufundi wa magari maisha yangu yote ya kazi. Ukienda Buyenzi, magereji mengi utakuta aliyepita darasani kwangu, au aliyefundishwa na aliyepita kwangu. Mwanafunzi wangu bora kuliko wote nitamwita Saidi. Yeye ndiye aliyemchagulia mkwe wangu pikapu ya kisasa, ya dizeli, yenye kompyuta, ya kubebea viazi na vitunguu kutoka juu milimani. Mimi sikuipenda. Nilizoea injini ambayo ukiipa mafuta machafu inakohoa kidogo, inatema moshi, inaendelea na safari. Nilimwambia Saidi mbele ya mafundi wenzake, "Hii injini yako ni mwoga. Tone moja la maji inalala chini. Na wewe, umekuwa fundi ama daktari wa televisheni?" Watu walicheka. Saidi naye alicheka, akasema, "Mwalimu, hii haina woga. Inasema mapema. Shida watu hawaisikilizi." Kisha akamgeukia mkwe wangu: "Kaka, mazutu ya bidoni, hii dizeli ya madumu ya njiani, usiweke kabla sijaichuja. Na taa hii ya njano ikiwaka, ni maji yameingia, simama. Usitembee hata kidogo."

Mnajua shida ya mafuta ilivyo hapa. Siku moja mkwe wangu alikosa mazutu kwenye stesheni zote za mafuta, akanunua bidoni njiani, akamimina bila kuchuja. Alipofika Bugarama, kule juu milimani, akiwa amepakia mzigo, akanipigia mimi. Si Saidi. Mimi.

"Papa, ile taa imewaka. Gari haina nguvu, inajivuta tu. Nisimame nimuite Saidi?"

Ningesema simama, yasingetokea yote haya. Lakini nilisikia jina la Saidi, nikaona nimekuwa mzee wa kukaa kwenye kiti tu. Nikamwambia, "Apana. Zima, hesabu mupaka kumi, washa tena. Hiyo kompyuta inasahau."

Akafanya hivyo. Nguvu zikarudi. "Eh, Papa, we ni mukubwa!" akasema, na nilifurahi kama mtoto. Alipiga tena akiwa ameanza kuteremka. Taa imerudi. Nikamwambia rudia. Hakupiga tena.

Injini ilizimika kwenye kona. Mliowahi kuendesha mnajua: injini ikizimika, usukani unakuwa mgumu na breki inakuwa kama unakanyaga jiwe. Gari ikaacha barabara. Mkwe wangu alipona, lakini mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti. Simu yake ilisagika. Na siku ile yote haikumbuki, tangu asubuhi mpaka alipozinduka hospitalini.

Binti yangu alikwenda gereji kwa Saidi, nami nikamfuata nikijikongoja na fimbo yangu. Akapiga kelele mtaa mzima ukasikia: "Ulichagulia bwana yangu kifo! We na makompyuta yako!" Mzee mmoja wa pale akaniuliza kwa heshima, "Mwalimu, we ndiye unajua. Unasemaje?" Watu wote wakanigeukia. Nikasema, "Injini za kisasa haziaminiki." Ni maneno manne tu. Saidi aliniangalia, akaokota spana yake, akarudi kazini. Tangu siku ile wateja wakaanza kumpita. Mkwe wangu, aliyekuwa rafiki yake wa kula sahani moja, hataki hata kusikia jina lake.

Wiki mbili baadaye Saidi alikuja nyumbani, binti yangu hayupo. Akakaa karibu nami. "Mwalimu, nimeifungua ile kompyuta. Imeandika yote. Ilionya, ikazimwa, ikawashwa. Ikaonya tena, ikazimwa, ikawashwa. Kwenye mteremko." Akashusha sauti. "Kaka asingejua kufanya vile. Darasani we ndiye ulitufundisha, ukizima unaipumzisha."

Nikamuuliza, "Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mutu. We ni mwalimu wangu."

Ni karibu mwaka mzima sasa. Binti yangu ananiogesha kila asubuhi, ananilisha uji kwa kijiko, na akinifunika shuka ananiambia, "Papa, Mungu atamlipa yule Saidi." Mimi nafumba macho kama nimelala. Mkwe wangu huja kwa magongo kunisomea Zaburi. Naogopa. Sikufundishwa kuogopa hivi. Naogopa kwamba nikisema, mikono ile haitanigusa tena, nami siwezi hata kujigeuza kitandani.

Juzi nilimwita Saidi kwa siri, nikampa bahasha. Nimeandika yote ndani, kwa mkono wangu, na sahihi yangu. Nikamwambia aifungue mbele ya familia baada ya mazishi. Akairudisha juu ya kitanda.

"Mwalimu, karatasi sitaki. Ukishakufa, watasema niliiandika mimi. Na mi nataka kukuzika. Nataka kukaa kwenye kilio chako na wengine, ndani ya lupango, hapa uani kwenu, si kusimama barabarani kama mwizi. Ukinyamaza, binti yako atanifukuza, nami sitabishana naye siku hiyo."

Akanibusu mkono, akatoka kwa mlango wa nyuma, kabla binti yangu hajarudi kutoka sokoni.

Bahasha iko chini ya mto. Binti yangu hutandika kitanda kila Jumamosi, na kesho ni Jumamosi. Ninyi wenye wazazi, ninyi mliouguza wazazi, niambieni kweli: niiache aikute mwenyewe, au nimwite leo akae nimwambie kwa mdomo wangu, hata kama ndiyo mara ya mwisho ataniita Papa? Nishaurini, nifanye nini? Jibuni mapema, jamani. Pumzi ni fupi.