Msonyo wa Wifi

Sauti aliyoikumbuka mshonaji ni msonyo. Mrefu, wa taratibu, kama maji ya mwisho yanavyonyonywa na tundu la sinki.

Ulikuwa msonyo wa wifi yake. Mshonaji huyu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo kwa sababu ya chupa kubwa ya vifungo aliyoiweka dirishani, alifiwa na mume kabla nywele hazijaota mvi. Dada wa marehemu akaja na begi moja kuzika, akasema atakaa mpaka mvua ikatike. Mvua zikakatika, zikaja nyingine, wifi yumo. Alivuta kiti karibu na cherehani, akawa anatazama.

"Wifi, hilo shati unalishona au unaliadhibu?"

"Nalishona. Wewe ulikuja kuzika au kukagua?"

"Vyote. Kaka yangu hakuwa na macho. Mimi ninayo."

Kisha msonyo. Mshonaji angeuma uzi kwa hasira, afumue mshono, aushone upya. Ulikuwa ukitoka mzuri zaidi, na hakuna kati yao aliyelisema hilo.

Asubuhi moja kikombe kilianguka jikoni, na wifi akaanguka nyuma yake. Kiharusi kilichukua upande wote wa kulia. Ulimi kiliurudisha baada ya muda. Mkono hakikuurudisha.

Tangu hapo ilibidi avalishwe. Mshonaji aliupitisha mkono uliokufa kwenye nguo, akashusha gauni, akafunga vifungo kimoja kimoja, na muda wote huo wifi alikuwa amefumba macho, uso kaugeuzia ukutani.

"Unanivika kama mto na foronya," alisema siku moja.

Mlangoni hakutoka tena. Alikataa katakata kuonekana na watu akiwa na nguo aliyovalishwa. Alikaa kwenye kitanda chake cha chuma akisikiliza mtaa ukipita, na mshonaji naye, upande wa pili wa ukuta, alishona huku akisikiliza kimya cha mtu aliyezoea kumsema.

Ndipo lilipomjia wazo la gauni ambalo mtu angeweza kulivaa mwenyewe kwa mkono mmoja. Alilipasua mbele lote, akaondoa vifungo, akaweka mkanda wa kunata, ule wa viatu vya watoto. Alilipeleka chumbani akiwa amelikunja vizuri kama zawadi.

Wifi alilishika kwa mkono wa kushoto, akavuta. *Krrrap!*

Akasonya.

"Linalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Sasa nikiwa kwenye mazishi, watu wamenyamaza, nataka kulegeza kidogo nipate hewa. Krrrap! Si hata maiti ataamka?"

Mshonaji hakucheka. Alilitia gauni kwenye gunia la vitambaa chakavu. Likakaa humo siku kadhaa.

Alikuwa akipiga pasi suruali ya mteja neno lile liliporudi. Mazishi. Wifi hakuwa ameuvuka mlango tangu kikombe kianguke, na sasa alikuwa amezungumzia mazishi: mabenchi, watu, joto la kukaa wengi pamoja. Kichwani mwake alikuwa tayari amelivaa lile gauni, ametoka nalo. Mtu asiyekitaka kitu hakitafutii kasoro. Hukipita tu. Mshonaji aliiweka pasi pembeni kabla haijaunguza suruali, akaenda kulitoa gauni guniani.

Mara hii alitumia sumaku, zile zinazofunga mikoba ya kina mama. Hazikulia. Ila wifi alipoegemea kitanda, kifua kikanata kwenye chuma.

"Wifi! Njoo uniokoe! Kitanda chako kinanitongoza!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mshonaji akazifunika sumaku kwa kitambaa kizito.

"Hapo sawa. Lakini nguo ya mgonjwa hujulikana toka mbali," wifi akasema, na msonyo ukafuata, safari hii wa upande mmoja wa mdomo. "Halina vifungo. Watauliza kwa nini."

Akashona vifungo vya kweli juu ya sumaku, vyeupe, vimejipanga, visivyofungua chochote.

"Na huu mkono wangu gogo, utaingilia wapi?"

Akaupasua mkono wa kulia wa gauni kuanzia begani, ufunguke kama ganda la njegere. Ule wa kushoto akauacha mwembamba, wa kawaida. Siku hizo alikwishaanza kukaa na kalamu ya chaki mkononi, akisubiri kusutwa.

Hatimaye wifi akajifungia chumbani na gauni. Mshonaji aliondoa mguu kwenye kanyagio, cherehani ikanyamaza. Alisikia pumzi, kitanda kikilia, tusi moja dogo, kisha fimbo ikigonga sakafu. Mlango ulipofunguliwa, wifi alisimama na fimbo yake, jasho usoni, vifungo vimenyooka kama mstari wa wanafunzi.

"Naenda dukani kununua chumvi."

"Chumvi ipo."

"Nimekuuliza?"

Alirudi na chumvi, akaiweka juu ya cherehani. "Pindo refu," alisema. "Nimefagia barabara nzima." Akasonya. Mshonaji aligeukia ukutani ili asionekane uso.

Mwaka uliofuata kiharusi kilirudi kuchukua kilichosalia.

Nyumba ikawa kubwa. Mshonaji alimaliza pindo, akainua kichwa kwa mazoea, akakuta kiti kitupu. Alishona tena, akainua tena. Wateja waliokuja walisema nzuri, wakaondoka na mizigo yao.

Mama mmoja aliyefundisha mazoezi ya viungo hospitalini, ambaye alikuwa amemwona wifi na gauni lake, alimwomba ashone mengine kwa ajili ya wodi yake, na mashati kwa wanaume. Mshonaji alishona kwa moyo wote. Alipotuma kuuliza kama zinafaa, jibu lilirudi lilelile: nzuri sana, asante sana. Maneno hayo yalimwangukia kama vumbi. Hayakuwa na pa kushika.

Akaenda mwenyewe kuona. Wodini aliona wachache wamezivaa nguo zake. Nyingi zilikuwa zimekunjwa chini ya mito, na wenyewe wanavalishwa na wauguzi, nyuso ukutani. Aliujua ule mgeuko wa shingo.

"Wanasema wanazitunza zisichafuke," yule mama wa mazoezi alimwambia, macho chini.

Mshonaji aliketi kando ya kitanda cha mzee mmoja aliyekuwa dereva wa malori. Shati lilikuwa chini ya mto wake.

"Baba, lina kasoro gani?"

"Halina, mama. Zuri sana. Mungu akubariki."

Nguo ile ilikuwa ikifia mikononi mwa adabu. Mshonaji alilikunjua shati, akalitazama kwa jicho lisilo lake, na bila kupanga akavuta hewa kwenye meno, taratibu, mpaka mwisho.

"Mimi mwenyewe kola hii siipendi," alisema. "Imekaa kama sikio la mbuzi."

Dereva alimkazia macho. Upande mzima wa mdomo ukatikisika.

"Kumbe unaona! Basi ngoja nikwambie, mama, maana umeanza wewe. Kola ni jambo dogo. Mimi nimekufa mkono wa kushoto. Tazama hapa. Mkono mzima umeupa mlango wa gereji, ule uliokufa umeupa tundu la sindano. Uliniona wapi nikiwa hivyo? Hili shati ulimpima nani?"

Mshonaji aliangalia shati, kisha nguo nyingine zilizochungulia chini ya mito. Zote zilipasuliwa mkono wa kulia. Mashati ya wanaume, magauni ya wasichana, yote. Mkasi wake ulikuwa umepita njia ileile miezi yote hiyo, begani kushuka, bila kumuuliza yeye wala mtu. Wodi nzima alikuwa ameishonea mwili mmoja, na mwili huo haukuwepo.

Alilitandaza shati mapajani. Nje, gurudumu la kitanda cha wagonjwa lilipita likilia, likapotea koridoni.

"Tena si hilo tu," dereva aliendelea, sasa amechangamka. "Hizi sumaku zako ziko juu mno. Nikitaka kujikuna je?" Akasonya, msonyo wa upande mmoja, mrefu.

Mshonaji alitoa chaki mkobani. Aliinamia kitambaa, kichwa chini kabisa, akasema kwa sauti ambayo mzee yule hakuisikia:

"Endelea, wifi."